Unaamka Saa Ngapi?

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ualimu, na somo langu la kwanza ni Kiswahili. Nimezaliwa na kukulia Kyotera, kusini mwa Uganda, karibu na barabara inayotoka Masaka kwenda mpaka wa Mutukula. Katika insha hii nataka kueleza jinsi nilivyojifunza maisha ya kila siku ya watoto wa nchi nyingine kwa njia ya barua za shule. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa shule ya msingi, tukaandikiana na shule moja ya Uingereza. Mara ya pili nilikuwa sekondari, tukaandikiana na shule moja ya Missenyi, mkoa wa Kagera, Tanzania. Shule ya kwanza ilikuwa maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Ya pili ningeweza kuifikia kwa pikipiki asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha jioni. Hata hivyo, hii ya jirani ndiyo iliyotushangaza zaidi, na nitaeleza sababu zake.

Shule kuunganishwa kwa namna hii si jambo jipya. Mwaka 1988, wakati Marekani na Muungano wa Kisovieti zilikuwa bado zimeelekezeana makombora, shule za New York na za Moscow ziliunganishwa kwa kompyuta ili wanafunzi wafanye kazi pamoja. Kutokana na mradi huo ulizaliwa mtandao unaoitwa iEARN, ambao leo una shule katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Mradi wake mmoja unanipendeza sana: shule mbili hutumiana mwanasesere wa dubu kwa posta, na watoto waliompokea huandika shajara kana kwamba ni yeye anayesimulia alichokula, alikolala na alikotembea. Baraza la Utamaduni la Uingereza, yaani British Council, nalo liliunganisha shule nyingi za huko na za Afrika. Kwetu hakukuwa na kompyuta wala mwanasesere. Sisi tulikuwa na bahasha.

Bahasha hiyo ya kahawia ilifika mara moja kwa muhula. Mwalimu aliichukua posta, Masaka, na siku hiyo hakuna aliyetaka kwenda nyumbani mapema. Nilikuwa darasa la sita. Ndani mlikuwa na barua za wenzetu, picha za shule yao, na maswali ambayo walitaka tuyajibu: Unaamka saa ngapi? Nani anakuamsha? Unakula nini asubuhi? Unafikaje shuleni? Una mnyama gani nyumbani?

Swali la kwanza lilitupa taabu kuliko tulivyotegemea. Kwa Kiganda, kama ilivyo kwa Kiswahili, saa za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Ssaawa emu ni saa moja asubuhi. Kwa Kiingereza saa hiyo huitwa saa saba. Mvulana mmoja katika darasa letu aliandika kwa Kiingereza kuwa huamka saa kumi na moja, bila kubadilisha hesabu. Barua ya majibu iliuliza kwa mshangao kama shule yetu huanza mchana na kama kuna nafasi ya mwanafunzi mgeni.

Msichana aliyekuwa rafiki yangu wa barua aliandika kuhusu mbwa wake. Mbwa huyo alilala kitandani kwake, alikuwa na daktari wake, na siku ya kuzaliwa kwake alinunuliwa zawadi. Niliposoma barua hiyo kwa sauti darasani, tulicheka hadi mwalimu wa darasa la pili akaja kuuliza kuna nini. Kwetu mbwa hulala nje na kazi yake ni kubweka. Lakini sisi nasi tuliwachekesha. Rafiki yangu mmoja aliorodhesha wanyama wa kwao: ng'ombe watatu, mbuzi sita na kuku. Wakamwomba majina yao yote. Ng'ombe walikuwa na majina, akayaandika. Kuhusu kuku aliandika kuwa hawakai muda mrefu wa kutosha kupewa jina.

Jambo lililotugusa sana lilikuwa giza. Walituandikia kuwa mwezi wa Desemba kwao jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na wao hutoka shule likiwa linakwenda kutua. Sisi tunaishi karibu na mstari wa ikweta. Mstari wenyewe unaivuka barabara ya Kampala pale Kayabwe, na kila aliyewahi kwenda Kampala kwa basi ameuona. Kwetu mwaka mzima jua huzama karibu saa moja jioni. Tuliwahurumia kweli. Mmoja wetu aliwauliza kama kuna mtu mzima wa kuwasindikiza, na kama wanayo taa.

Kisha nikajibu swali la kazi za nyumbani. Niliandika kuwa baada ya shule ninakwenda kisimani bondeni na dumu la lita 20, mara mbili, na kuwa pale kisimani ndipo wasichana wa kijiji hukutana. Pale ndipo nilipojifunza nyimbo, mafumbo, na habari zote za watu ambazo mtoto hapaswi kuzijua. Mama alisoma barua yangu kabla sijaipeleka shuleni.

“Mwanangu,” akasema, “haya ya maji yaondoe. Waandikie harusi ya mjomba wako.”

Nikamuuliza, “Kwa nini, Maama?”

“Ukimwambia mtu wa mbali kwamba umetoka kisimani, ataliona dumu. Wewe hatakuona.”

Niliyaacha, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa jibu la swali nililoulizwa, na mama hakunizuia.

Muhula uliofuata tuliarifiwa kuwa wenzetu wamesoma habari za visima vyetu, wakaoka keki, wakaziuza shuleni kwao, na wametuma fedha. Shule ikanunua tangi kubwa jeusi la kuvuna maji ya mvua. Sitaki kusema uongo: tangi lile lilitusaidia. Kabla yake, wanafunzi wa madarasa ya juu walitolewa darasani kwenda kuteka maji ya jikoni. Baada yake walibaki wakisoma. Wale watoto walitutakia mema na wakatenda mema.

Lakini barua zilibadilika. Mwalimu aliandika ubaoni barua ya shukrani, nasi tukainakili, darasa zima, maneno yaleyale. Barua ya shukrani haina maswali. Wenzetu nao wakaanza kuuliza habari za tangi: limejaa? Lina bomba ngapi? Watoto wadogo wanalifikia? Mimi nilitaka kujua kama mbwa bado analala kitandani, lakini katika barua ya ubaoni hapakuwa na mahali pa kuliweka swali hilo. Hakuna tena aliyewauliza kama wanayo taa ya kuwarudisha nyumbani. Tulikuwa tumeacha kuwahurumia. Tulikuwa tumebaki kuhurumiwa.

Mama alinifundisha kuwa ukiletewa kitu kwenye kikapu, kikapu hakirudishwi kitupu. Darasa letu lilikumbuka hivyo. Tulipendekeza kutuma kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na kukaushwa, ambayo Waganda humpa mgeni anapokaribishwa. Ni kitu kidogo, lakini ni kitu cha heshima, na Kyotera kahawa haikosekani. Tukaambiwa chakula hakitumwi kwa posta. Kikapu kikarudi kitupu. Mwaka uliofuata tukaingia darasa la saba, mitihani ikatushika, na barua zikaisha.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia kuwa tutaandikiana na shule ya Tanzania. Tulipouliza ni ya wapi, Dar es Salaam au Arusha, akasema ni ya Missenyi, ng'ambo tu ya Mutukula. Darasa likanung'unika. Wa hapo? Hao tunawajua! Na tulichokijua kilikuwa nini? Malori, wafanyabiashara wanaovuka mpaka, na nyimbo za Bongo Fleva. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia nyumba ya mtu wa upande ule na kuona wanakula nini.

Mwalimu alikuwa na sheria. Hakuna bendera, hakuna wimbo wa taifa, hakuna majina ya marais, hakuna ngoma. Kila barua iwe na majibu matatu na maswali matatu, na yote yahusu jana. Barua zilibebwa na mtu aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki kwa biashara zake, hivyo majibu tuliyapata ndani ya siku chache, swali likiwa bado la moto.

Rafiki yangu wa Missenyi aliandika kuwa huamka saa kumi na moja. Sikuhitaji kubadilisha hesabu yoyote. Nikajua kuwa kuna giza, kuna umande, na jogoo ameshawika. Aliandika kuwa chakula chao kikuu ni ndizi na maharage, na kuwa kwa Kihaya ndizi hizo huitwa ebitoke. Sisi tunasema matooke. Mimi nikamweleza kuwa asubuhi siku za Jumapili tunakula katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na utumbo wa ng'ombe katika sufuria moja, na kuwa shuleni mchana tunakula posho. Akajibu kwa mshangao mkubwa: shule gani hiyo inayolipa wanafunzi posho kila mchana? Ndipo nilipojifunza kuwa kwao posho ni fedha anazopewa mtu kwa ajili ya safari au mkutano, na chakula tunachokiita posho wao hukiita ugali. Darasa zima lilicheka, na kwa wiki nzima tuliambiana, “Twendeni tukapokee posho.”

Tulibishana kuhusu senene. Yeye aliandika kuwa msimu ukifika hakuna kitu kitamu kama hicho duniani. Nilimwambia kuwa Waganda wengi watakubaliana naye, lakini mimi ni wa ukoo wa Nsenene, na mtu wa ukoo huo hali senene, kwa sababu ndio mwiko wake. Alitaka kujua: sasa wenzako wakiwa wanakula, wewe unafanya nini? Nikamjibu kuwa ninakaa pembeni na karanga zangu. Akaandika kuwa anasikitika sana, na mara nyingine atawala na wa kwangu. Ule nao ulikuwa ni huruma, lakini haukuniuma. Mimi nami nilimsikitikia kwa kuwa nyumbani kwao hawajui katogo.

Jambo la lugha nalo lilikuwa na uzito wake. Tulipowaandikia Waingereza, lugha ilikuwa yao. Tuliandika kwa hofu, mwalimu akasahihisha, tukanakili upya. Rafiki yangu wa Missenyi aliniambia kuwa nyumbani wao husema Kihaya, na Kiswahili alikianza vizuri shuleni. Alikuwa amenitangulia sana, lakini njia ilikuwa moja. Nilipokosea ngeli alinirekebisha kwenye pambizo ya barua. Nami niliwahi kumrekebisha mara moja, na nikaitunza barua hiyo.

Ila nyumbani kwetu kulikuwa na mtu ambaye hakufurahia barua hizi. Ni bibi yangu mzaa baba, ambaye kwa Kiganda ninamwita jjajja. Aliposikia kuwa ninaandika kwa Kiswahili, alisema, “Lugha hiyo naijua. Ina maneno manne: Njoo! Lete! Lala chini! Toka!”

Ili msomaji amwelewe, ni lazima nikumbushe historia. Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalivamia mkoa wa Kagera. Sehemu iliyo kaskazini mwa Mto Kagera ilikaliwa na askari hao, watu waliuawa, wengine walikimbia na kuacha kila kitu. Tanzania ilijibu. Januari 1979 jeshi lake liliingia Mutukula, na Februari likafika Masaka pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Mji wa Masaka ulibomolewa vibaya. Kampala ilitwaliwa mwezi wa Aprili. Barabara yetu ilikuwa njia ya askari, wa kwenda na wa kurudi, na askari wa pande zote mbili walisema Kiswahili. Mtu aliyekuwa kijana katika wilaya yetu wakati huo alikijua Kiswahili kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Si ajabu kwamba wazee wengi wa Uganda hadi leo hukiita lugha ya askari na wezi.

Barua ya pili ya rafiki yangu ilimalizika hivi: “Nisalimie bibi yako. Mwambie shikamoo.” Nilimpelekea jjajja salamu hizo alipokuwa anamenya ndizi. Akaniuliza maana ya neno lile. Nikamweleza kama tulivyofundishwa, kuwa watu husema asili yake ni nashika miguu yako, na kuwa kila mtoto wa Tanzania humwamkia hivyo mtu mzima.

Kwetu Buganda, msichana hupiga magoti anapomsalimia mkubwa. Nimepiga magoti mbele ya jjajja kila asubuhi ya maisha yangu niliyokuwa nyumbani. Jjajja aliacha kumenya. Kisha akasema, “Kumbe wanalo neno la kupiga magoti. Wale wengine hawakulisema.”

Nikamfundisha kuitikia marahaba. Akasema “malahaba”, kwa ulimi wetu, akarudia mara mbili. Halafu akanipa swali la kuandika, la kwake mwenyewe: “Muulize, wazee wake walikuwa wapi mwaka ule wa vita?”

Jibu lilikuwa refu kuliko barua zote zilizotangulia. Rafiki yangu alikuwa amekaa na babu yake jioni nzima. Babu alikuwa na mke na mtoto mmoja mchanga. Walikimbilia kusini, wakavuka Mto Kagera wakiwa na godoro moja na mbuzi wawili. Waliporudi mwaka uliofuata, kuta za nyumba zilikuwepo, lakini mabati yote yalikuwa yamechukuliwa.

Nilimsomea jjajja kwa kutafsiri sentensi moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye mabati, alinisimamisha. Na wao, akasema, walijificha shambani kwenye migomba siku tatu, na waliporudi nyumba yao ilikuwa imeezuliwa. Mabati 24. Aliyakumbuka kwa hesabu, kwa sababu babu yangu aliyanunua kwa fedha za kahawa, machache kila mavuno. Hakusema walioyachukua walikuwa askari wa upande gani, nami sikuuliza. Aliniambia tu nimwandikie yule mzee kwamba na yeye aliishi chini ya nyasi kwa miaka kadhaa, na kwamba nyasi zinavuja.

Wiki iliyofuata mbeba barua alileta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba. Kilitoka kwa babu, kwenda kwa jjajja. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna. Sikujua kuwa Wahaya nao humkaribisha mgeni kwa kahawa hiyo. Miaka mitatu nyuma darasa letu lilikuwa limetafuta kitu cha kutia kwenye kikapu na halikuweza kukituma, na sasa kitu kilekile kilikuwa kimetufikia kutoka upande wa pili. Jjajja alitafuna moja, akasema ya kwetu ni bora, akafunga ya kwake, akaituma. Nina hakika kuwa yule mzee naye alisema ya kwao ni bora.

Tangu nianze kusoma ualimu nimezifikiria sana barua hizi za aina mbili. Sisemi kuwa kuandikiana na Ulaya ni kubaya. Bila mbwa yule na giza lile la saa kumi ningekua nikidhani dunia nzima inaishi kama Kyotera. Ninachosema ni kuwa watoto hujifunza maisha ya wenzao pale tu ambapo kila upande unauliza, unacheka, unasahihisha na unapewa nafasi ya kurudisha kikapu. Upande mmoja ukigeuka mtoaji na mwingine mpokeaji, shule zinaweza kuendelea kuandikiana miaka kumi, lakini hakuna atakayejifunza mwenzake jana alikula nini.

Na ninasema kuwa jirani amesahauliwa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. UNESCO ilikuwa imeshaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Haya ni mambo mazuri. Lakini siku hiyo shuleni kwetu husomwa hotuba na mashairi ya kukisifu Kiswahili, na hakuna anayemwandikia mtu kwa Kiswahili. Kutoka Mutukula hadi Busia, kutoka Katuna hadi Mpondwe, ziko shule ambazo zimetenganishwa na mpaka tu. Wanafunzi wake wanaangalia mvua ileile ikija. Kuziunganisha kunahitaji daftari, kalamu, na mtu mwenye pikipiki.

Muhula ujao nitakwenda kufundisha kwa mazoezi katika shule ya wilaya yetu, na nimeomba ruhusa ya kuanzisha barua na shule ya upande wa pili. Nitatumia sheria za mwalimu wangu: majibu matatu, maswali matatu, na yote yahusu jana. Na kama kuna mtoto atakayeandika kuwa jana alikwenda kisimani na dumu la maji, sitamwambia alifute. Nitamwomba aongeze alikuwa na nani pale, na walikuwa wanacheka nini.